Kinyumenyume kwa Mtakatifu

Mama mkwe alishuka kutoka Wundanyi na ombi moja tu: apelekwe kwenye kanisa la Mtakatifu Fransisko Ksaveri. Ana mjukuu seminarini, na mjukuu kamwambia kwamba mtakatifu huyo, kabla hajafika Goa, kule India, kwenye Chuo cha Mtakatifu Paulo walikofundishwa vijana wa kuwa mapadri, alitua kwetu Malindi mwaka 1542.

"Mama, niachie mimi," nikasema. "Malindi hii naijua mpaka mawe."

Sikumwambia kwamba miaka yote napita pale na tuktuk tu, sijawahi kuingia. Usiku nikajisomea kwenye simu mpaka saa saba. Asubuhi nikavaa suruali ya harusi. Ilishonwa kabla bintiye hajaanza kunilisha wali wa nazi na samaki wa kupaka. Kifungo kilikubali mara ya tatu, tena nimebana pumzi.

Kanisa ni dogo: kuta nyeupe, paa la makuti, makaburi yamelizunguka. Mama akalitazama, akaizunguka pembe moja kuona kama kuna jingine nyuma.

"Ndilo hili? Baba, si jiko langu linalishinda?"

"Dogo, mama, lakini la Wareno."

Ndani akapiga magoti. Mkwe mwenye adabu atasimama kama mlingoti? Nikapiga na mimi. Chwaaa! Mshono wa nyuma ukafumuka toka kwenye mkanda hadi nisikoweza kukutaja. Mama akasema tu, "Amina."

Sasa, mbele ya mama mkwe mtu hata kula anainamisha uso. Mimi nina bukta nyekundu nje! Nikainuka polepole, nikaupa ukuta mgongo, nikaanza kusimulia mbio mbio ili macho yake yabaki usoni pangu. Kwamba mtu mmoja aliyefia safarini alizikwa hapa Malindi. Kwamba mzee mmoja Mwislamu alimlalamikia Fransisko kuwa mji una misikiti 17 lakini inayosaliwa ni mitatu tu, tena na wachache.

"Kumbe hata enzi hizo!" Mama akatikisa kichwa. "Na mimi nilidhani ni Wundanyi peke yake."

Wakati wa kutoka, nikatoka kinyumenyume.

"Mbona hivyo, baba?"

"Mahali patakatifu hapapewi mgongo, mama."

Nimedanganya kanisani, najua. Basi naye akageuka, rozari mkononi, akaanza kurudi nyuma hatua kwa hatua. Wataliano wawili waliokuwa mlangoni wakatazamana. Walipomaliza kupiga picha, nao hao, kinyumenyume! Mmoja nusura akalie kaburi.

Nikadhani nimeponea. Mama akasema, "Sasa twende kwenye ile nguzo ya Vasco da Gama." Nguzo yenyewe iko juu ya mwamba, bahari pande zote, na upepo wa pale haumwachii mtu hata kofia. Nikaanza kutafuta uongo mwingine. Kabla sijaupata, Mama akafungua pochi, akatoa leso, akanipa huku anatazama pembeni.

"Jifunge hii, baba. Kule kuna upepo."

Alijua tangu ile Amina.

Nikajifunga. Nilipoinama kuingia kwenye tuktuk, maneno ya leso yakakaa barabara juu ya mpasuko. Dereva akayasoma kwa sauti: "Mwenye macho haambiwi tazama." Akazima injini ili apate kucheka vizuri.

Mama mkwe alitazama bahari safari nzima, mabega yakimtikisika.