Kichwa Kimeshikwa, Mdomo Uko Huru

Kwanza, huyo rafiki yangu aliyewatangazia kwamba nilipiga magoti pale kwa wasusi kuomba msamaha wa umbea ni mwongo. Ningepigaje magoti na wasusi watatu wamenishika kichwa?

Aliyesukwa Kenyatta Market, Nairobi, anajua. Unakalishwa kwenye stuli, mmoja nyuma, mmoja kila upande, na kichwa si chako tena. Moshi wa nyama choma unapita, mdomo unalegea. Msusi wa kushoto akauliza tu, "Na ile chama yenu?" Weuwee! Nikafunguka kama mfereji. Kwamba mweka hazina ametafuna pesa za merigoraundi, zile tunazochanga na kupokea kwa zamu. Kwamba lile wigi lake la kanisani ni zamu yangu ya mwezi wa tatu, imechanwa na kitana.

Msinihukumu bado. Profesa mmoja Mwingereza, Robin Dunbar, aliandika mwaka 1996 kwamba binadamu alianza kuongea ili ateteane na wenzake, badala ya kuchambuana manyoya kama nyani. Mimi nilikuwa nafanya yote mawili kwa pamoja.

Basi mikono ya kulia ikasimama. Kisha ya kushoto. Ya nyuma ikabaki imeshika shungi langu, haisuki, haiachilii. Stuli ya pili kulikuwa na mtu ameinama, rasta zimemfunika uso wote, anangoja kuchovywa kwenye maji ya moto. Kidole kimoja kikajitokeza, kikazitenga rasta polepole. Likatokea jicho. Jicho moja tu, lenye wanja. Nililijua. Ndilo hukagua daftari letu la hazina kila mkutano.

"Endelea, mami," akasema kwa sauti ya asali. "Ulikuwa umefika mwezi wa tatu."

Birika lilikuwa upande wake. Linatoa mvuke. Kukimbia ningekimbia, lakini upande mmoja nimesukwa na wa pili nywele zimesimama wima, nifike steji hivyo?

Nikakohoa. "Nilikuwa nasema chama kingine."

"Kipi?"

Msusi wa kushoto, yule yule mchokozi, akaingilia: "Si ulisema hii yenu ya Umoja?"

Nikasukwa iliyobaki kwa kukazwa mpaka nyusi zikapanda, hadi leo nina sura ya mtu aliyeshtuka. Jumapili daftari likafunguliwa, hesabu ikawa sawa mpaka shilingi ya mwisho. Nikapigwa faini ya umbea, nikatuma M-Pesa hapo hapo. Kwa nani? Kwa mweka hazina, kwani kwa nani mwingine?

Lakini wigi lile nalo, pesa alitoa wapi? Mwenye habari aje inboksi.