Wafilipino na Wakoloni Wao: Je, Ni Kasumba Tu?

Mwaka 2014 taasisi ya utafiti ya Pew iliuliza watu wa nchi zaidi ya 40 wanaionaje Marekani. Ufilipino iliongoza: 92 kati ya kila 100 walisema wanaiona vizuri. Nchi hiyo ndiyo Marekani iliyoichukua kutoka Hispania mwaka 1898 kwa dola milioni 20, miezi sita tu baada ya wenyewe kujitangazia uhuru. Vita vilivyofuata, kwa makadirio ya kawaida, viliwamaliza raia wapatao 200,000 kwa risasi, njaa na kipindupindu. Msomaji wa Kiswahili akiziona takwimu hizo mbili pamoja, neno la kwanza kumjia ni kasumba.

Na kasumba ipo, sina haja ya kuificha. Sabuni za kung'arisha ngozi zimejaa kwenye rafu za maduka ya Manila. Kiingereza kilichopandwa na walimu wa Kimarekani zaidi ya 500 walioshuka kwenye meli ya Thomas Agosti 1901 ndicho bado lugha ya mahakama na ya vyuo vikuu, na asiyekimudu hubaki nje ya mlango. Wauguzi husomeshwa kwa jasho la wazazi huku kila mtu akijua kazi iko ng'ambo. Anayelalamika kwamba taifa hili limefunzwa kujitazama kwa macho ya mgeni hasemi uzushi.

Ila ile 92 imebebeshwa mzigo usio wake. Waliohojiwa waliulizwa kuhusu Marekani ya leo. Hakuna aliyewauliza kuhusu vita vile vilivyoanza mwaka 1899. Na hiyo leo yenyewe ilikuwa na jambo lake: miaka miwili kabla ya utafiti, China ilikuwa imeshika udhibiti wa miamba ya Scarborough, ambako wavuvi wa Luzon, kisiwa kikuu cha Ufilipino, wamezoea kutega riziki. Mwenye jirani mkubwa anayesukuma ua hutafuta rafiki mkubwa zaidi. Hata Japani hupendwa siku hizi, ingawa watu wapatao 100,000 walikufa katika mapigano ya Manila mwaka 1945, wengi wao mikononi mwa wanajeshi wake.

Watu hawa hawajasahau. Mwaka 1991 Seneti yao ilipiga kura 12 kwa 11 kukataa mkataba mpya wa kambi za kijeshi za Marekani, na mwaka uliofuata wanajeshi wakafungasha virago kutoka kambi ya Subic. Halafu kuna kengele za mji wa Balangiga. Askari wa Marekani walizichukua kanisani mwaka 1901, katika kisasi cha kutisha kilichoteketeza kisiwa cha Samar baada ya wanakijiji kuwashambulia. Ziliporudishwa Desemba 2018 ilikuwa imepita miaka 117. Watu waliosahau hawadai kengele kwa miongo mingi.

Kwa Hispania, mambo yana mafundo zaidi. Jina la nchi lenyewe ni la mfalme Felipe wa Pili, yuleyule ambaye Fort Jesus ya Mombasa ilianza kujengwa chini ya taji lake mwaka 1593, kwa kuwa wakati huo alitawala Ureno pia. Majina ya ukoo nayo ni hivyo hivyo. Ukikutana na Mfilipino aitwaye Garcia usikimbilie kudhani babu yake alikuwa Mhispania. Mwaka 1849 gavana Clavería aliona watu waitwao de la Cruz na de los Santos wamekuwa wengi mno hata watoza kodi wanachanganyikiwa, akasambaza orodha ya majina yapata 60,000 ili kila ukoo upewe lake. Kwa nini hawajayatupa? Kwa sababu vizazi vimezaliwa, vimeoa na kuzikwa kwa majina hayo. Nasi hatuiti fundi abadili jina la meza kwa kuwa neno lilikuja na Mreno.

Jambo linaloonyesha vizuri zaidi kwamba si kila kitu ni cha mkoloni ni talaka. Ukiacha Vatikani, Ufilipino ndiyo nchi pekee duniani isiyo na sheria ya talaka kwa raia wote, na kila mara habari hii ikitajwa, lawama huangukia mapadri wa Hispania. Lakini fuatilia miaka. Mwaka 1917, chini ya Marekani, bunge ambalo Wafilipino ndio waliokuwa wengi lilipitisha sheria ya talaka, ingawa nyembamba: uzinzi wa mke au hawara wa mume, tena uliothibitishwa kwa hukumu ya jinai. Wajapani walipoitawala nchi, sababu zikaongezwa mwaka 1943. Walipoondoka, sheria ya 1917 ikarudi. Kisha ukaja uhuru wa Julai 1946. Ni bunge la taifa huru, lenyewe, lililoandika Sheria ya Madai ya mwaka 1949 na kuifuta talaka, ikaanza kutumika mwaka 1950.

Hapo hakuna gavana wa kigeni aliyewashika mkono. Walichagua, na anayewaita mateka wa Madrid anawanyang'anya hata lawama yao. Leo mwenye fedha humlipa wakili abatilishe ndoa, maskini hutengana na kuishi na mwingine bila karatasi. Mei 2024 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa talaka. Ukakwama kwenye Seneti.

Na Waislamu wa kusini, ambao Hispania haikuwahi kuwatawala kikamilifu na ambao askari wa Marekani waliwaua kwa mamia katika mlima wa Bud Dajo mwaka 1906, wana kanuni zao za kisheria tangu 1977. Wao huruhusiwa kuachana. Jina Moro walilobandikwa na Wahispania kwa dharau wameligeuza kuwa la heshima, na ndilo lililomo katika Bangsamoro, eneo lao lenye mamlaka ya ndani. Majirani zao Wakatoliki bado wanasubiri. Hispania yenyewe iliruhusu talaka mwaka 1981.