Swichi Isiyo na Akili

Kabla ya faiba kufika mtaani kwetu, ofisi yetu ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam iliishi kwa modemu moja ya kuchomeka kwenye kompyuta. Watu saba, modemu moja. Ukitaka kutuma nyaraka za kontena unanyoosha mkono, unaambiwa subiri, mwenzako bado anapakia. Zamu zilikuwa zikiandikwa kwenye daftari la dada wa mapokezi, na kwa kipindi kile alikuwa na madaraka kumzidi Mzee mwenye kampuni. Ukimletea maandazi asubuhi, jina lako lilipanda juu.

Faiba ilipofika, Mzee akaamua tufungiwe, tena tununue vifaa vya kuisambaza vyumba vyote vitatu. Fedha ni za ofisi, kwa hiyo ikaundwa kamati. Mama mhasibu aliwekwa abane matumizi. Mimi niliwekwa kwa sababu ndiye niliyekuwa nabadilisha wino wa printa, na kwa ofisi za kwetu hiyo inatosha kukufanya mtu wa kompyuta. Dereva hakuwekwa na mtu. Alijiweka. Aliwahi kufunga dishi la king'amuzi kwa shemeji yake na likashika, basi mambo ya mawimbi akawa anayajua.

Kariakoo tukapokelewa na muuzaji mmoja mwenye ulimi wa asali. Akatoa kwenye boksi ruta yenye antena nane, imekaa mezani kama kaa aliyekasirika.

"Hii, mama yangu, inapenya ukuta wa zege."

Mama mhasibu akauliza bei. Alipotajiwa, akavua miwani.

"Na ukitoa antena nne?"

"Hazitoki, mama. Zimeungana na mwili wake."

"Sisi tuko saba, na mmoja ni mlinzi. Nane za nini?"

"Kila chumba mbili," dereva akamsaidia muuzaji, "na mbili za akiba."

Nikajaribu kueleza kwamba wingi wa antena si ahadi ya mawimbi kufika mbali. Kwamba masafa ya gigahezi 2.4 ndiyo yanayopenya kuta vizuri kuliko yale ya 5, ingawa ya 5 yana kasi zaidi. Kwamba kompyuta za mezani, ambazo haziendi popote, zingetulia kwa waya. Walinisikiliza kwa adabu zote. Nilipomaliza, mjadala ukaendelea kuhusu antena.

Tukatoka na ruta ya antena nne, suluhu ambayo haikumfurahisha yeyote, pamoja na kebo na swichi ya matundu manane ya kuunganishia kompyuta za mezani. Kwenye swichi muuzaji alituonyesha aina mbili. Moja ilikuwa ghali.

"Hii ina akili," akasema. "Unaweza kuipangia mambo yake."

"Akili tunazo sisi," akajibu Mama mhasibu. "Tunataka matundu."

Vifaa vikafungwa, intaneti ikaja, daftari la zamu likafungwa na maandazi yakakoma. Chumba kimoja tu waifai haikufika, cha nyuma kabisa, ng'ambo ya kuta mbili nene za zamani. Ndicho anachokaa Mzee. Yaani aliyelipa ndiye aliyekosa. Hakulalamika. Kesho yake alikuja na ruta ya zamani kutoka nyumbani kwake, imefungwa kwenye mfuko wa rambo, akavuta waya kutoka kwenye swichi na kuichomeka mwenyewe.

Hapo ndipo bahati ilipoingia ofisini. Kompyuta ikiwashwa huuliza mtandaoni: nani atanipa anwani, yaani namba ya kunitambulisha humu? Ofisi inatakiwa iwe na mjibuji mmoja. Sisi sasa tulikuwa na wawili, kwa sababu ruta ya Mzee ilikuwa bado inagawa anwani kama ilivyozoea nyumbani, na anayewahi kujibu ndiye anayesikilizwa. Ukipewa na ruta mpya, unafanya kazi. Ukipewa na ya Mzee, kompyuta inakuambia umeunganishwa, na kweli umeunganishwa, ila na ruta ambayo yenyewe haina njia ya kutoka nje. Kila asubuhi ungesikia, "Jamani, mimi leo nimepata!" Waliokosa wanazima na kuwasha mpaka wapate. Dereva akashauri meza zigeuzwe zielekee dirishani.

Tungeweza kuishi hivyo miaka. Waswahili tumezoea. Lakini Mzee ana tabia moja: hawezi kuona kitu kinaning'inia. Pazia, kamba ya kiatu cha mtu, mfuko wa shati uliotoka nje, atakirekebisha. Alhamisi moja akapita karibu na swichi, akaona waya umechomekwa upande mmoja, upande wa pili unabembea hewani. Ulikuwa wa kompyuta iliyohamishiwa meza nyingine. Mzee akainama kwa taratibu zake, akatafuta tundu tupu kwenye swichi ileile, akauchomeka.

"Kila kitu na mahali pake," akasema, akajifuta mikono.

Taa za swichi, ambazo siku zote zilikuwa zikikonyeza moja moja kwa uvivu, zikaanza kuwaka na kuzima zote kwa pamoja, mbio, bila kupumzika.

"Njooni muone! Tangu tuinunue haijawahi kuchapa kazi namna hii!"

Tukaenda kuona. Kulikuwa na mteja amekaa akisubiri nyaraka za kontena lake, naye akaitwa. "Unaiona mitambo?" Mzee akamwambia. Mteja akasema anaiona, je, nyaraka zake zimekwenda?

Hakuna kilichokuwa kimekwenda. Kurasa hazifunguki, printa haionekani, simu zote zinalia hakuna intaneti. Na siku za bure za kontena lile bandarini zilikuwa zinaishia siku hiyohiyo. Baada ya hapo ni tozo. Tukawapigia kampuni ya intaneti, binti akatuambia tuzime tuwashe. Tukazima. Tukawasha. Taa zikatulia kidogo, kisha zikarudia ngoma yake. Dereva akapanda juu ya paa kuangalia dishi. Hatuna dishi.

Alasiri akaja fundi kwa bodaboda, kijana mdogo na begi mgongoni. Begi hakulifungua. Aliziangalia taa, akacheka peke yake, akashika waya mmoja kwenye tundu na kuufuata kwa kidole, taratibu, mpaka kidole kikarudi kwenye swichi ileile. Akachomoa. Taa zikatulia, na chumba cha pili printa ikaanza kutema kila kilichokuwa kimekwama, zikiwemo kadi za mchango wa harusi ya dada wa mapokezi ambazo hakuna aliyejua zinachapwa kwa karatasi za ofisi.

"Kuna ujumbe unaopelekwa kwa wote," fundi akatueleza. "Ukiingia kwenye swichi, inautoa kwa matundu mengine yote. Sasa waya huu unatoka kwenye swichi na kurudi kwenye swichi. Ujumbe unatokea hapa, unaingilia pale, swichi inauona mgeni, inautoa tena kwa wote. Hauna mwisho. Ukizunguka hivyo, njia inajaa, wengine hawapiti."

"Na hakuna dawa?" Mzee akauliza.

"Ipo, Mzee. Kanuni ya kuziba mzunguko huo aliibuni mama mmoja wa Marekani, Radia Perlman, tangu 1985. Swichi zenye akili zinayo. Hii yenu haina."

Wote tukamgeukia Mama mhasibu.

"Huyo mama," akasema, "hakupewa bajeti ya kwetu."

Fundi akaitazama ruta ya zamani. "Na hii inayogawa anwani ovyo ni ya nani?" Kimya. Akaifungia ugawaji, akaiacha ibaki ya waifai tu. "Na waya huu nani aliuchomeka?"

Kimya kikubwa zaidi. Dereva ndiye aliyetuokoa.

"Panya," akasema.

"Panya mjini wamezidi," Mzee akakubali, akiangalia dirishani.

Fundi akataja malipo yake. Mzee akashtuka: fedha zote hizo kwa kuchomoa waya?

"Kama bei haikupendezi, Mzee wangu, naurudisha ulipokuwa."

Akalipwa. Mama mhasibu akatoa kitabu cha vocha, akaandika tarehe na kiasi, akafika kwenye mstari wa maelezo ya malipo, akasimamisha kalamu na kumtazama Mzee. Mzee akatazama dari. Basi akaandika, kwa mwandiko wake mzuri, ambao mkaguzi wa hesabu aliusoma mara mbili mwisho wa mwaka: "Dawa ya panya."