Mashua Isiyo na Chesisi

Mashua niliyoinunua Tanga kwa shilingi 3,000,000 za Tanzania ilikuwa na urefu wa mita saba, mlingoti ulionyooka, na rangi ya kijani iliyopakwa kwa ukarimu ambao ulipaswa kunitia shaka. Nahodha mzee aliyeniuzia alinisihi niiache majini hadi Aprili, kusi ianze kuvuma, kwa kuwa ilikuwa Februari na kaskazi ingenipiga usoni njia nzima mpaka Vanga, upande wa Kenya. Mimi, ambaye hutapika hata nikivuka Likoni kwa feri, nilimjibu kwa adabu kwamba siku hizi kuna malori.

"Chombo hiki hakijawahi kupanda gari, mwanangu," alisema, akaenda zake.

Mpaka hauko mbali, hata kilomita 100 hazitimii, na tulifika kabla ya adhuhuri, mashua ikiwa imelazwa juu ya magunia ya pumba na foromali, boriti ya kutundikia tanga, imetokeza nyuma ya lori na kitambaa chekundu. Afisa aliyetupokea alikuwa kijana muungwana aliyezoea magari, ng'ombe na vitunguu. Fomu yake ilidai nambari ya chesisi. Aliizunguka mashua mara mbili, akainama, akaumulika mkuku, uti wa chini wa mashua, kwa tochi, asione kitu ila chaza waliogandamana. Akauliza bamba la usajili liko wapi. Nilimweleza kwamba chombo hakina bamba lakini kina jina, nikamwonyesha maandishi yaliyokuwa tezini, yaani nyuma ya chombo: SUBIRA.

"Basi subiri," akasema.

Nilisubiri siku tisa. Utingo alianika nguo zake mlingotini, na kuku wa mama aliyetuuzia chai alitaga humo ndani mayai manne. Siku ya sita niliingia kujikinga na jua, nikaona mistari myembamba ya mwanga ikipenya ubavuni, kutoka omo hadi tezi. Nakiri kwamba nilifurahi, nikidhani chombo kinapata hewa.

Hatimaye nilipewa karatasi ya muda, kwa sharti kwamba mashua ikaguliwe Vanga ikiwa inaelea. Siku ya kuishusha nilialika mtaa mzima, dua ikasomwa, halua ikagawiwa, farumi, yaani mawe ya kukipa chombo uzito, ikapakiwa, vijana wakasukuma. Ilielea kwa muda uliotosha mimi kuinua mkono nipigwe picha. Kisha maji yakaingia kwa kila mwanya, bila papara, na kuyachota kwa ndoo tatu hakukuyapunguza hata kidogo.

Fundi wa kalafati, azibaye nyufa za vyombo, hakuinuka alipoketi. Alimaliza halua yake kwanza, ndipo akanieleza kwamba mbao zimekauka zikasinyaa na pamba imelegea, hivyo chombo kiachwe kizame siku kadhaa, mbao zinywe maji zijae, kisha yeye atie pamba mpya na mafuta ya sifa. Bei aliyoitaja ilinifanya nikumbuke kwa mapenzi makubwa gharama ya lori.

Afisa wa ukaguzi alifika kesho yake, maji yakiwa yamejaa, faili kwapani.

"Chombo kiko wapi, mzee?"

Nilimwonyesha ncha ya mlingoti, ambapo ndege mmoja alikuwa ametua. Afisa aliitazama kwa muda mrefu, akafungua faili, na katika nafasi ya hali ya chombo akaandika neno moja: "Kimeingia." Hakueleza wapi.