Afadhali Asichaguliwe Kabisa Kuliko Kuitwa Raundi ya Saba

Kila mwishoni mwa Juni, timu 32 za NHL, ile ligi ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, hugawana vijana kwa zamu. Shughuli yenyewe inaitwa drafti (si ile ya kijiweni ya vizibo vya soda, ingawa huku nako kuna wanaoliwa kete mapema). Raundi ni saba, majina 224. Pazia likishushwa, kuna vijana wawili ambao uwezo wao unalingana: mmoja kaitwa wa 215, mwenzake hakuitwa kabisa. Kwa wa kwanza kuna vigelegele na keki, kwa wa pili simu zimezimwa. Naona keki imepelekwa nyumba siyo.

Kuitwa si kusajiliwa. Kuitwa maana yake timu moja imepata haki ya kukusajili, na nyingine 31 zimefungiwa mlango. Kijana akiwa anacheza chuo kikuu Marekani, kwa kanuni zilizotumika miaka yote hii, haki hiyo hukaa mikononi mwa timu hadi tarehe 15 Agosti baada ya kumaliza mwaka wa nne. Kama timu hiyo imeshajaza mawinga wa kushoto hadi pomoni, shauri lako. Huyo wa pili, ambaye shangazi zake wamemlilia, akicheza vizuri miaka mitatu au minne chuoni hufika Machi akiwa na miaka 21 au 22, mchezaji huru, na wakala wake anapokea simu za timu kumi na zaidi.

Kinachompa nguvu zaidi ni kitu ambacho mashabiki wengi hawakijui: mshahara wa mkataba wa kwanza una kikomo. Macklin Celebrini, aliyechaguliwa wa kwanza kabisa mwaka 2024, kikomo chake ni dola 975,000 kwa mwaka, ukiacha bonasi za mafanikio. Mhitimu wa chuo ambaye hakuchaguliwa naye yuko chini ya kikomo cha aina hiyohiyo, na fedha za kusaini hazizidi asilimia 10 ya malipo yake. Kwa hiyo timu tajiri haiwezi kumnunua kwa kitita. Timu zote zikiweka mezani bei moja, kinachobaki cha kushindaniwa ni nafasi ya kucheza, na hapo ndipo kijana anatakiwa atumie akili kuliko moyo. Wengi hutumia moyo. Wanasaini timu waliyoishabikia utotoni, wanapiga picha na jezi, kisha wanasugua benchi kwenye mji wa timu ya chini.

Mtazame Martin St. Louis, mzaliwa wa Laval, Quebec. Urefu wake ni kama sentimita 173, na katika miaka ya 1990 wasaka vipaji walitaka mijitu. Akiwa Chuo Kikuu cha Vermont alipata pointi 267 katika mechi 139 (pointi ni goli au pasi ya goli), na bado hakuna aliyemuita. Akaanzia Cleveland kwenye ligi ya IHL, kisha Februari 1998 Calgary Flames wakamsajili. Katika misimu miwili akacheza mechi 69 za NHL huko na kufunga magoli manne. Mfungaji wa kuzaliwa, lakini alichezeshwa kwenye safu za chini, dakika chache, kazi ya kubana wapinzani. Kiangazi cha 2000 Calgary wakamwacha aende.

Alikokwenda ndiko kwenye somo. Alisaini Tampa Bay Lightning, ambayo wakati ule ilikuwa miongoni mwa timu dhaifu kabisa za ligi. Timu dhaifu ina kitu ambacho timu bora haina, nacho ni dakika. Msimu wa kwanza pointi 40. Msimu wa 2003/04 pointi 94, akiongoza ligi nzima, tuzo ya mchezaji bora, na Kombe la Stanley, lile la ubingwa wa NHL. Fainali ilikuwa dhidi ya nani? Calgary. Mechi ya sita, ndani ya uwanja wa Calgary, dakika za nyongeza za pili zikiwa zimefika sekunde ya 33, akafunga goli lililoirudisha fainali Tampa kwa mechi ya saba. Alistaafu mwaka 2015 akiwa na pointi 1,033, na mwaka 2018 akaingizwa kwenye Ukumbi wa Heshima wa hoki.

Nikishamtaja huyo, nitoe kero yangu moja. Orodha za "mastaa ambao hawakuchaguliwa" zimejaa watu wasiohusika. Wayne Gretzky eti hakuchaguliwa! Gretzky alisaini ligi pinzani ya WHA mwaka 1978 akiwa na miaka 17, na mwaka uliofuata ligi hizo zilipoungana akaingia NHL pamoja na timu yake ya Edmonton. Artemi Panarin naye alifika Chicago mwaka 2015 akiwa mtu mzima, ametoka kutwaa ubingwa wa ligi ya KHL huko Urusi, foleni aliiruka. Hao hawamfundishi chochote kijana wa chuo huko Michigan au Vermont. Wa kutazamwa ni waliopitwa kwa sababu maalumu. Dino Ciccarelli alivunjika mguu vibaya kabla ya drafti, timu zikaogopa, naye akafunga magoli 608. Ed Belfour alikuwa kipa, na makipa hukomaa polepole. Alishinda mechi 484. Wengine, kama St. Louis, walipimwa kwa futi.

Sasa mkataba wenyewe. Urefu wake haujadiliwi, unapangwa na umri: miaka 18 hadi 21 ni misimu mitatu, 22 na 23 ni miwili, 24 ni mmoja. Umri huhesabiwa kwa ulivyo tarehe 15 Septemba ya mwaka wa kusaini, kwa hiyo mtu anaweza kupata au kukosa msimu kwa ajili ya siku chache za kuzaliwa. Mkataba mfupi ni mzuri kwa anayejiamini, maana hufika haraka kwenye mazungumzo ya fedha halisi. Kuna na mbinu ya Machi: akisaini msimu ukiwa bado haujaisha na akachezeshwa hata mechi moja ya NHL, msimu huo unahesabika kuwa umetumika. Torey Krug alifanya hivyo alipotoka Michigan State kwenda Boston mwaka 2012; akacheza mechi mbili, na mwaka mzima wa mkataba ukawa umekatwa. Wakala anayesahau kuomba jambo hili huwa anamchelewesha mteja wake mwaka mzima bila sababu.

Mkataba huu una mishahara miwili ndani yake: mmoja wa siku anazokuwa NHL, mwingine mdogo mno wa siku anazokuwa AHL, ligi ya chini yake. Ndiyo maana mchezaji wa aina hii hahesabu mwaka, anahesabu siku.

Balaa la kwanza huja kambini Septemba. Kikosi cha NHL kina watu wasiozidi 23, na siku ya mechi huvaa 20: washambuliaji 12, mabeki 6, makipa 2. Siku ya mwisho ya kambi wanabaki wawili wakigombea kiti kimoja. Mmoja ni mkongwe ambaye akishushwa lazima jina lake litangazwe kwa saa 24, na timu yoyote inaweza kumchukua bila kutoa mchezaji badala yake. Utaratibu huo unaitwa weiva. Mwingine ni kijana wetu, ambaye kwa kuwa alisaini akiwa na miaka 22 ana kinga ya weiva kwa misimu mitatu au mechi 70. Neno kinga linasikika tamu. Maana yake halisi ni kwamba yeye ndiye anayeshushwa, hata kama alicheza vizuri zaidi, kwa sababu kumshusha hakuigharimu timu chochote. Vijana wengi hulichukulia hilo kama tusi na huenda AHL wakiwa wamenuna. Kocha wa AHL anawaona kwa macho, na ripoti yake inasomwa juu.

Hata waliokomaa huonja weiva. Chris Kunitz, ambaye naye hakuchaguliwa, mwaka 2005 alitangazwa na Anaheim, akachukuliwa na Atlanta, akacheza mechi mbili, Atlanta nao wakamtangaza, Anaheim wakamrudisha. Yote hayo ndani ya wiki chache. Alimaliza na makombe manne ya Stanley.

Balaa la pili ni aina ya kazi. Chuoni au kwenye ligi za vijana kijana alikuwa mfungaji, timu ikizidi watu (mpinzani akiwa ametolewa nje kwa adhabu) yeye ndiye wa kwanza kuingia. Juu huko viti vya wafungaji vina wenyewe. Anapewa safu ya nne: dakika nane hadi kumi katika mechi ya dakika 60, kwa vipande vya sekunde 45 hivi. Na anapimwa kwa jambo moja ambalo mtazamaji hata halioni. Beki wake anazungusha kisahani (ndicho mpira wa hoki) kando ya ukuta, kinakuja kwa kasi kikigongagonga mbao. Yeye ni winga, amesimama ukutani, na beki wa wapinzani anamjia kwa nguvu zote. Inabidi ageuze makalio kwa huyo anayemjia, abane mwili kwenye ukuta, akisimamishe kisahani kwa kiatu cha kuteleza kwanza, gongo baadaye, kisha akisukume nje ya mstari wa buluu, ule unaofunga eneo la timu yake. Hata mita mbili nje zinatosha. Kikibaki ndani, wapinzani wanapata nafasi nyingine ya kupiga, na kocha haonekani kukasirika. Anakuruka tu zamu inayofuata. Kosa la kawaida ni kutaka kugeuka na kupiga pasi nzuri ya katikati. Aliyechaguliwa raundi ya kwanza akikosea hivyo mara tano anaitwa anajifunza. Asiyechaguliwa akikosea mara mbili yuko ndani ya basi.

Hapa lazima nikiri upande wa pili wa hoja yangu. Timu humvumilia yule iliyemtolea chaguo, kwa sababu kuna meneja ambaye jina lake limefungwa na chaguo hilo. Mchezaji huru hana mtu wa kumwonea aibu. Sergei Bobrovsky alikuja Philadelphia mwaka 2010 bila kuchaguliwa na timu yoyote, akashinda mechi 28 msimu wake wa kwanza, na bado kiangazi hicho timu ikampa Ilya Bryzgalov mkataba wa miaka tisa wa dola milioni 51. Bobrovsky akawa kipa wa akiba, akauzwa Columbus Juni 2012, na mwaka 2013 akatwaa tuzo ya kipa bora wa ligi. Na wapo walioitwa mwishoni wakang'ara, Henrik Lundqvist aliitwa wa 205 mwaka 2000. Sikatai. Ila Lundqvist alikuwa amebahatika kuitwa na timu iliyohitaji kipa, hakuwa amechagua.

Saa nayo inakimbia. AHL inataka kati ya wachezaji 18 wasio makipa wanaovaa siku ya mechi, angalau 13 wawe bado wa kukuzwa: 12 wasiozidi mechi 260 za kulipwa, na mmoja asiyezidi 320. Msimu wa AHL una mechi 72. Piga hesabu: mechi huhesabiwa msimu unapoanza, kwa hiyo akicheza zote, msimu wa tano ukianza kijana wetu ameshavuka 260; asipopata ile nafasi moja anageuka mkongwe kwa karatasi, na timu inaruhusiwa wakongwe wachache tu. Asipokuwa amepanda, au asipokuwa bora kuliko wakongwe wengine, analazimika kutafuta Uswidi, Ujerumani au Uswisi, ambako kuna maisha mazuri tu, au kushuka ECHL, ligi iliyo chini ya AHL, ambako mshahara hulipwa kwa wiki na klabu inatoa nyumba.

Lakini kanuni zilizombana zina mlango wa nyuma. Mchezaji aliyefikisha miaka 25, ana misimu mitatu ya kulipwa, na amecheza chini ya mechi 80 za NHL, mkataba ukiisha anakuwa huru kabisa. Jonathan Marchessault hakuchaguliwa na aliingilia AHL. Kiangazi cha 2016 alikuwa na miaka 25 na mechi 49 za NHL kwa timu mbili. Akaenda Florida kwa miaka miwili, jumla dola milioni 1.5, akafunga magoli 30 msimu wa kwanza. Mwaka 2017 timu mpya ya Vegas iliruhusiwa kuchukua wachezaji ambao timu nyingine hazikuwalinda kwenye orodha zao; Florida hawakumlinda, Vegas wakamchukua. Mwaka 2023 Vegas wakabeba kombe na yeye akawa mchezaji bora wa mtoano, magoli 13.

Kwa hiyo Machi simu zinapoanza kulia, wakala awe na maswali yake kwenye karatasi. Timu inaruhusiwa mikataba 50, mingapi imeshatumika? Mabeki wanaoshika gongo kwa kushoto ni wangapi, na mikataba yao inaisha lini? Kocha wa AHL huwachezesha vijana timu ikizidi watu, au nafasi hiyo huwapa wakongwe? Msimu uliopita wachezaji wangapi walipandishwa kutoka huko, na walikaa juu mechi ngapi? Mtu wa timu akianza kujibu kwa kusifia uwanja mpya na chakula cha kambini, wakala ashukuru kwa adabu, akate, apokee simu inayofuata.