Chupa ya Dar iliyokataliwa Hamburg

Wiki iliyopita nilisimama mbele ya mashine ya kurudishia chupa katika supamaketi ya mtaani kwangu, hapa Hamburg, Ujerumani, nikiwa na mfuko uliojaa chupa tupu. Kila chupa ya plastiki ya kutumika mara moja hurudishiwa senti 25, ambazo mnunuzi alizilipa kama amana siku aliponunua kinywaji, kwa hiyo chupa nne ni yuro moja kamili, na risiti inayotoka kwenye mashine hukatwa kwenye bei ya mkate na maziwa. Siku hiyo mashine iliizungusha chupa moja mara mbili, kisha ikaitema. Niliipangusa nikairudisha, ikaitema tena. Nilipoitazama lebo ndipo nilipoitambua: ilikuwa chupa ya maji ya nusu lita niliyotoka nayo Dar es Salaam, iliyosahaulika katika mfuko wa pembeni wa begi tangu siku ya safari. Ukubwa wake ni ule ule na plastiki yake ni ile ile, lakini haikuwa na alama ya amana, na kwa sababu hiyo tu haikuwa na thamani yoyote.

Niliirudisha nyumbani, na tangu siku ile iko dirishani jikoni, kwa sababu mwezi mzima wa Agosti nilikuwa nikipambana na wenzake.

Nilikwenda nyumbani kwa mambo matatu: arobaini ya shangazi yetu Magomeni, harusi ya mdogo wangu, na usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambao niliwaahidi marafiki niliosoma nao kwamba safari hii ningeshiriki. Arobaini ilifanyika uani kwa marehemu, kwa namna aliyoizoea yeye mwenyewe. Majirani walileta majamvi na masufuria, pilau ililiwa kwenye sinia, watu watano kwa sinia moja, na maji yalichotwa kwenye pipa kwa majagi na kunywewa kwa vikombe vilivyooshwa hapo hapo na kupewa wengine. Jioni nilipofagia pamoja na binamu zangu, takataka zote za watu zaidi ya mia moja zilikuwa maganda ya viazi na vitunguu, mifupa na majivu ya kuni. Zilienea kwenye ndoo mbili.

Wiki mbili baadaye ilikuwa harusi, ukoo ule ule, ukumbini Sinza. Mapema, kwenye kundi la WhatsApp la kamati, nilikuwa nimependekeza kwamba maji yawekwe kwenye mapipa yenye bomba, kila meza ipewe jagi na bilauri, na fedha itakayobaki iongezwe kwenye chakula. Mjomba wangu, ambaye ndiye mwenyekiti, alinipigia simu badala ya kunijibu mbele ya watu, jambo ambalo nalishukuru, akaniambia kwa upole: "Mwanangu, wazo lako ni zuri, lakini tutaonekana tumeishiwa." Sikumlaumu, kwa sababu alisema kweli. Chupa iliyofungwa, iliyo baridi, mbele ya kila kiti, ndiyo heshima ya mgeni siku hizi, na hakuna mwenyekiti wa kamati anayetaka kusemwa kwamba michango ya watu haikuonekana mezani.

Saa saba usiku, maharusi walipokwisha kusindikizwa, nilibaki na vijana wa ukumbi. Nilihesabu meza moja tu, meza ya watu kumi. Ilikuwa na chupa 16, na 11 kati yake zilikuwa na maji zaidi ya nusu. Watu walikuwa wamefungua, wakanywa mafunda mawili, wakaenda kucheza, na waliporudi walifungua nyingine kwa kuwa hawakujua ipi ni yao. Vijana wale walimwaga maji kwenye karo, wakaponda chupa kwa visigino na kuzijaza kwenye viroba. Nilipouliza vinakopelekwa, mmoja alinionyesha kwa kidevu upande wa nyuma ya ukuta.

Jumamosi ya mwisho wa Agosti nilijua zinakoishia. Tulikutana alfajiri karibu na daraja la Salenda, maji yakiwa yamekupwa, upepo wa kusi ukivuma. Mto Msimbazi huanzia vilima vya Pugu, ukapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, na kila bonde linalomwagia maji linamwagia pia uchafu wake, mpaka hapo kwenye mikoko ambako mto unakutana na bahari. Mizizi ya mikoko inayochomoza kwenye tope hushika chupa kama vidole. Huwezi kuzivuta kwa reki. Inabidi uiname uzitoe moja moja kwa mkono, na kila moja imejaa matope hata inakuwa nzito kama jiwe, kwa hiyo gunia moja linahitaji watu wawili kulibeba. Tulifanya kazi kwa muda wa saa tatu na tukasafisha kipande ambacho ningekivuka kwa hatua arobaini. Kisha maji yakaanza kujaa, na juu ya maji yale yale zikaja chupa nyingine, safi, zikielea kuelekea mahali tulipokuwa tumeinama. Rafiki yangu, ambaye hufanya kazi hiyo kila mwezi, hakusema neno. Mimi nililia.

Najua watakaosoma haya watasema nini, maana nimekwisha kuambiwa ana kwa ana: kwamba nimekaa Ulaya nikasahau nilikotoka, kwamba nawaona Wazungu kuwa ndio wasafi. Nakataa. Mjerumani yule yule anayebeba mfuko wa chupa hadi dukani hudondosha kipisi cha sigara njiani bila kugeuka, na vituo vya basi hapa Hamburg vimetapakaa vipisi. Tofauti ni kwamba kipisi hakina amana na chupa inayo. Hata hiyo chupa haikupewa thamani kwa sababu ya uungwana wa mtu. Amana ya vyombo vya kutupwa iliwekwa kisheria mwaka 2003, na wenye viwanda na maduka waliipinga hadi mahakamani wakashindwa. Leo mtu akiona uvivu kurudisha chupa yake huiacha imesimama kando ya pipa la taka, ili mzee mwenye pensheni ndogo au kijana asiye na kazi aichukue bila kuingiza mkono ndani ya uchafu.

Na jambo linaloniuma zaidi ni kwamba sisi tulikuwa na utaratibu huo kabla sijawahi kusikia jina la Hamburg. Sisi tuliokulia Magomeni tunakumbuka kutumwa soda dukani: ulikwenda na chupa tupu mkononi, na kama huna, mwenye duka alikutaka uache fedha ya chupa au uinywe pale pale akikutazama. Kreti lilikuwa na chupa 24 na likarudi na chupa 24. Aliyevunja alilipa, nami niliwahi kuchapwa kwa kuvunja moja. Katika matope yote ya Msimbazi, katika saa zile tatu, sikuokota hata chupa moja ya soda ya kioo. Zote zilikuwa za maji na za soda ile ya plastiki tuliyoizoea kuiita tekiawei. Chupa ya kioo ilikuwa mali ya kiwanda, nacho kiliifuata mpaka ilikokwenda. Ya plastiki ikishauzwa inakuwa mali ya mto.

Wengine wataniambia kwamba Dar haibadiliki, watu wetu hawasikii. Huo ndio usemi unaonikera kuliko kuitwa mwenye majivuno, kwa sababu ndio unaowadharau watu wa Dar kweli kweli. Pombe za viroba zilipopigwa marufuku Machi 1, 2017, zilitoka madukani. Mifuko ya rambo ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, mama yangu, ambaye hakuwahi kwenda sokoni bila kurudi na mifuko sita, alitoa kikapu chake cha ukili uvunguni na hajakirudisha mpaka leo. Jiji la watu mamilioni lilibadili namna ya kubeba nyanya. Jiji hilo litashindwaje kurudisha chupa, ilhali lilikuwa likiirudisha?

Dar es Salaam na Hamburg ni miji rafiki tangu mwaka 2010, na urafiki huo umechangia kiwanda cha mboji kule Mabwepande, ambako takataka za sokoni hugeuzwa mbolea. Ni kazi njema. Natamani siku moja mazungumzo hayo yafike kwenye amana, tena wa Dar wasiende kuomba kufundishwa bali waende kudai kilicho chao. Na watakaonufaika kwanza wapo tayari: waokota chupa tunaokutana nao kila asubuhi na magunia yao makubwa kuliko miili yao. Wao huuza kwa kilo, na kilo moja ni makumi ya chupa nyepesi, na bei yake haifikii bei ya soda moja. Makumi hayo hayo, mbele ya mashine ya mtaani kwangu, ni zaidi ya yuro kumi.

Desemba tuna sendofu ya mpwa wangu, na mwenyekiti wa kamati ni mjomba yule yule. Nimekwisha kumtumia nusu ya mchango wangu. Nusu ya pili nimemwandikia kwamba nitailipa kwa mapipa manne yenye bomba, bilauri 300 na majagi ya kila meza, na kwamba nitakuwepo mimi mwenyewe mlangoni kuwaambia wageni kwamba ni uamuzi wangu, ili kama kuna wa kusemwa nisemwe mimi. Alisoma ujumbe juzi usiku. Jana akaniuliza bilauri ziwe za rangi gani.