Historia fupi ya marehemu, fupi kweli kweli

Alizaliwa, akasoma hadi darasa la saba, akaolewa, akajaliwa watoto sita, alikuwa mcha Mungu na mpenda watu, alisumbuliwa na presha kwa muda mrefu, ameacha wajukuu kumi na wanne. Bwana ametoa, Bwana ametwaa. Dakika mbili na nusu, karatasi ikakunjwa, MC akaita kwaya. Hivyo ndivyo alivyoagwa juzi mama aliyekuwa akivuka Ziwa Victoria hadi visiwa vya Gana na Goziba miaka ambayo wenzake waliambiwa kuwa mwanamke akikanyaga mtumbwi, samaki wanakimbia.

Karatasi ile ingemfaa mama yeyote kuanzia Igombe hadi Nansio. Badilisha jina, ongeza au punguza wajukuu, umemaliza kazi.

Haya, tukubali kidogo. Mwandishi alikuwa mpwa, kapewa kazi saa nane usiku chini ya turubai, chaji ya simu inaelekea kuisha, na mwili ulitakiwa uvushwe asubuhi kabla upepo wa mchana haujaamka. Sawa. Ila fulana zenye picha ya marehemu zilipata muda wa kuchapwa. Bango nalo. Mheshimiwa naye alipata dakika ishirini za kuzungumzia mheshimiwa.

Sasa tuseme yaliyopaswa kusomwa, na tuanze na chanja za kuanikia dagaa, maana hapo ndipo alipoubadilisha mwalo mzima, ule ufuko mitumbwi inaposhusha samaki.

Dagaa walikuwa wanaanikwa mchangani, kama wanavyoanikwa hadi leo sehemu nyingi. Kuku wanapita juu yao, mbuzi wanapita, mvua ikishuka ghafla hakuna anayewahi kuwazoa, na mlaji wa Dodoma anatafuna mchanga wa ziwa na ugali wake. Mama huyu alisimamisha nguzo za mkaratusi, kimo cha kiunoni, akatandika juu yake nyavu chakavu za dagaa. Upana haukuzidi mita moja na nusu, na sababu haikuwa uhaba wa miti. Alitaka anayeanika asimame upande mmoja na mkono wake ufike katikati, mwenzake upande wa pili vivyo hivyo. Waliomwiga kwa macho bila kuuliza wakajenga chanja za mita tatu, zinapendeza kweli kwenye picha, lakini dagaa wa katikati hawafikiwi, hawageuzwi, na wanaoza huku wa pembeni wamekauka. Wengine walisahau waya wa kushikilia wavu kwa chini. Mwaga ndoo tatu za dagaa wabichi juu ya wavu usio na waya uone: unabonyea, wote wanaserereka katikati na kulundikana, maji hayana pa kutokea, na jioni inzi ndio wenye mali.

Kanuni yake ilikuwa safu moja tu. Ukiangalia chanja uone nyavu kati ya dagaa na dagaa. Wakitandazwa hivyo kuanzia saa tatu asubuhi, jua likiwa zuri, wanakauka siku hiyo hiyo, kwa sababu hewa inapita juu na chini. Mchangani jua linapiga upande mmoja na unyevu wa ardhi unapanda upande wa pili. Turubai la plastiki alilifunga kwenye ncha moja ya chanja tangu asubuhi, mawingu yawepo yasiwepo. Turubai linalofuatwa nyumbani wingu likishatanda ni la kufunikia hasara. Dagaa akilala na unyevu hupoteza ule mng'ao wa fedha, anageuka manjano, na akifika soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, anayemtaka ni mnunuzi wa chakula cha kuku. Bei ya kuku na bei ya mtu hazijawahi kuwa ndugu.

Hayo yote karatasi iliyafupisha hivi: "alikuwa mjasiriamali." Mjasiriamali! Hata anayeuza vocha kwenye kona anaitwa hivyo, na mwenye kiwanda pia.

Halafu mtumbwi. Ukerewe imetupa Gertrude Mongella, Katibu Mkuu wa mkutano wa wanawake wa Beijing mwaka 1995, na bado kuna mialo humu humu ambako mwanamke anaruhusiwa kununua mtumbwi, injini, taa na nyavu, mradi asipande. Yeye alipanda. Si kwa kutaka sifa. Tajiri, yaani mwenye mtumbwi, anayesubiri nchi kavu huletewa hesabu ya ndoo zilizobaki, maana ndoo nyingine huuzwa ziwani kwa mtumbwi mwingine kabla alfajiri haijaingia. Alipanda ahesabu. Samaki hawakukimbia, waliokimbia ni vibarua wawili.

Na kwa kuwa mtumbwi ulikuwa wake, kina mama waliokuja kununua kwake walilipa fedha. Fedha tu. Anayeujua mwalo anaelewa kwa nini sentensi hiyo ni nzito kuliko kwaya tatu, na anajua ni wasichana wangapi wameugua na kuzikwa kwa sababu kwenye mitumbwi mingine fedha peke yake haikutosha, mwili nao ulidaiwa. Hilo lilipaswa kusemwa pale pale mbele ya jeneza, na wenye mitumbwi wakiwa wamekaa safu ya kwanza.

Kikoba chake, kikundi cha kuweka na kukopa, nacho kilikuwa na akili ambayo maofisa wa mikopo hawajaipata hadi leo. Dagaa huvuliwa gizani. Mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti, mitumbwi inapandishwa ufukweni, na kwa siku kama kumi hakuna shilingi inayozunguka. Mkopo wa rejesho la kila wiki unamkuta mama katikati ya mbalamwezi, anakopa kwingine ili alipe huku, na baada ya miezi mitatu anachukuliwa sufuria na godoro. Yeye aliweka rejesho mwishoni mwa giza, wakati kila mtu ana kitu mkononi, na wakati wa mbalamwezi walikuwa wananunua hisa moja tu, ya kuonyesha wapo. Sanduku lina kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wa nyumba tofauti. Mfuko wa jamii wa kikoba ndio uliotoa mafuta ya injini kila mama mjamzito alipohitaji kukimbizwa Nansio usiku. Mafuta hayo yalikaa kwenye dumu lenye alama nyekundu, na hakuna mvuvi aliyekubaliwa kuliazima, hata kwa machozi.

Madumu matupu nayo yana habari yake. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018, gati la kisiwa cha Ukara linaonekana kwa macho, watu wakitoka gulioni Bugolora, na zaidi ya watu 220 wakafa. Baada ya hapo wengi walinunua laifujaketi, wakazifungia stoo zisichakae. Yeye alivaa na kuwavisha abiria, na juu ya hilo kila mtumbwi wake ulikuwa na madumu manne matupu ya lita 20. Dumu tupu lenye mfuniko uliokazwa hubeba karibu kilo 20 kabla halijazama, na mtu aliye ndani ya maji anahitaji kusaidiwa kilo nne au tano tu ili kichwa kibaki juu. Dumu moja, watu watatu, na nafasi inabaki. Linaloharibu ni mambo madogo: mfuniko usio na raba unaingiza maji taratibu, na dumu lililofungwa kwa fundo la kudumu linazama pamoja na mtumbwi. Alifunga fundo la kuvuta mara moja, kamba ndefu kiasi cha mikono miwili, na kabla ya safari alimwambia abiria mmoja alifungue ili aone kama anaweza.

Watu wa MV Nyerere tumewageuza idadi. Wa meli ya MV Bukoba waliolala makaburini Igoma, Mwanza, tangu Mei 21, 1996, idadi vilevile. Hapo angalau msiba ulikuwa mkubwa kupita kalamu ya mtu mmoja. Mama aliyefia kitandani kwake, majirani wote wapo, naye tumgeuze hesabu ya wajukuu?

Arobaini bado haijafika, kwa hiyo karatasi nyingine inaweza kuandikwa, na isiandikwe na watoto peke yao. Watoto wanamjua mama wa jikoni. Aulizwe anayeshona nyavu, atasema alitaka kamba ya unene gani na kwa nini alikataa nyembamba. Aulizwe mnunuzi wa Kirumba aliyepokea magunia yake bila kuyafungua. Aulizwe mzazi aliyevushwa usiku, mtoto wake sasa yuko shule. Daftari la kikoba lisomwe ukurasa kwa ukurasa, maana humo kuna miandiko ya makatibu wanne na faini za waliochelewa, yeye mwenyewe akiwemo, mara mbili. Wafuatwe sasa, wakati mbalamwezi inawaka na wavuvi wako nyumbani. Giza likiingia, nusu yao watakuwa wameshaondoka kwenda visiwani. Na aandikwe na ubishi wake pia: alikuwa mkali, alimsusa mwenyekiti wa mwalo miaka miwili kwa sababu ya nguzo za chanja, na nani alikuwa na haki mle ndani bado watu wanabishana.

Ufunguo wa tatu wa sanduku alikuwa nao yeye. Hakuna aliyeuulizia msibani, na kikundi kinakutana Jumatano.